Mgeni wa Mama Sindano

Mbwa wa mji ule walimjua kwa harufu. Hata avae gauni la kutokea na kujimwagia marashi, mbwa aliyelala mbele ya duka la vifaa vya ujenzi angeinuka, abane mkia, ahamie upande wa pili wa barabara. Paka ndio usiseme. Ng'ombe waliokuwa wakicheua kwa raha zao walisimama wote kwa pamoja alipofungua geti, kama darasa lililoingiliwa na mwalimu mkuu. Watoto ndio waliompa jina la Mama Sindano, jina likashika, na watu wazima nao wakalidaka. Hakuna aliyejisumbua kukumbuka kwamba mama huyo hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, na akirudi nyumbani jioni hakukuwa na wa kumwambia hata pole na kazi.

Hilo ndilo jambo la udaktari wa mifugo ambalo chuoni hawakuambii. Unaingia kwa sababu unapenda wanyama. Unatoka na shahada yako safi, na tangu siku hiyo hakuna mnyama anayekupenda. Kila akikuona unamfunga, unamchoma, unamtia mkono mahali ambapo wewe mwenyewe usingekubali kutiwa. Mwenye mnyama naye anakupenda mnyama akiwa hoi. Akipona, mnapishana sokoni kama hamjawahi kuonana. Daktari hakuwa mtu wa kulalamika. Mchagua jembe si mkulima, alijiambia, akavuta mabuti yake ya mpira akaenda kazini.

Wenzake aliosoma nao walishajipanga zamani. Mmoja ni wakala wa kampuni ya dawa za mifugo, anazunguka na gari lenye kiyoyozi akigawa kofia na kalamu. Mwingine yuko machinjioni anagonga mihuri kwenye nyama, na anaapa kwamba tangu aajiriwe hajagusa mnyama mwenye uhai. Kuna aliyevuka bahari. Kuna aliyeachana na fani kabisa akafungua duka la simu, na huyo ndiye mwenye kitambi kuliko wote. Kisha kuna wale wa makao makuu, waliogundua mapema kwamba anayepandishwa cheo si yule anayeshinda zizini bali yule anayekutana na mkubwa kwenye korido. Yeye hakuwa na akili ya korido. Alipelekwa popote palipokosa mtu, akapanga vyumba vyenye choo cha watu wengi, akaishi na begi ambalo halikuwahi kufunguliwa lote. Kulikuwa na mchumba, mwalimu wa hesabu, mpole kweli kweli. Alivumilia uhamisho wa kwanza, akavumilia wa pili, wa tatu akasema, "Mimi nilitaka mke. Wewe kila ukipiga simu unaniletea habari za ng'ombe." Na kweli, daktari habari nyingine hakuwa nazo.

Ndipo mvi zikiwa zimeanza kumchungulia pembeni mwa masikio, akapewa kituo chake. Mkuu wa Kituo cha Mifugo! Ukikitaja ni cheo kikubwa. Ukienda kukiona, ni ofisi moja, friji ya chanjo inayonguruma kama ina kikohozi, josho lililopasuka, na mkuu asiye na hata mtu mmoja wa kumtuma. Lakini kituo kilikuja na nyumba. Nyumba ya kweli, ya vyumba viwili vya kulala, jiko lenye dirisha na bomba uani. Siku ya kuhamia alisimama mlangoni pa kile chumba cha pili, kitupu, sakafu ikinuka saruji, na moyo ukampiga kwa furaha. Alijua ni chumba cha nani.

Kilikuwa cha baba yake. Mzee alikuwa kinyozi, tena kinyozi wa kinywa: kiti kimoja, kioo chenye ufa, na maneno yasiyokauka. Watu walikwenda kwake hata nywele zikiwa bado fupi, ili mradi wakae wasimuliane. Sasa mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, na kinyozi anayetetemeka hapati wateja ila maadui. Alifunga kibanda. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Akahamia kwa mtoto wake wa kiume, katika mji wa mbali, kwenye nyumba ndogo iliyojaa wajukuu, ambako alilala chumba kimoja na mabaiskeli.

Kuhusu kazi ya binti yake, mzee alikuwa na msimamo wa kipekee. Wateja aliwaambia, "Binti yangu ni daktari." Wakimuuliza hospitali gani, aliwasha mashine ya kunyolea, na mashine yake ilikuwa na kelele.

Daktari alifanya mazoezi ya ile simu kama mtu anayekwenda kuposa. Alichotaka kusema ni, "Baba, nimepata nyumba, njoo tuishi." Alisema hivyo mbele ya friji ya chanjo, akasema hivyo akiendesha gari. Lakini mzee alipopokea, na sauti yake ikaja ile ile ya miaka yote, daktari akaogopa. Je, akikataa? Akisema amezoea wajukuu? Basi maneno yakageuka mdomoni, akasema, "Baba, nimepata nyumba. Njoo utembee kidogo."

Upande wa pili zilisikika kelele za wajukuu.

"Haya mwanangu," mzee akasema. "Nitakuja nitembee."

Sasa ili uelewe kilichofuata, sharti ujue jinsi daktari wa mifugo anavyofundishwa kazi. Anaambiwa hivi: usimkimbilie mgonjwa. Simama mbali utazame. Anakula? Anacheua? Masikio yamesimama au yamelegea? Amejitenga na wenzake? Mgonjwa wako hatakuambia kitu maisha yake yote. Mwenye mgonjwa atakuambia mengi, na nusu yake ni uongo, kwa sababu ameshampa dawa ya jirani na anaona haya kusema. Kwa hiyo amini macho yako. Na Mama Sindano alikuwa na macho. Angeweza kusimama getini akakuonyesha ndama atakayeumwa kesho. Mfugaji alikuwa bado anaeleza, yeye ameshavuta dawa ndani ya sindano. Watu walimsifu kwa hilo, na alistahili. Kasoro ni kwamba miaka ilivyokwenda alisahau kuna wagonjwa wenye midomo.

Mzee akashuka kwenye basi na sanduku kubwa, la kizamani, lililofungwa kamba. Daktari alilibeba akayumba. "Wifi huko kwa kaka naye kwa kupakia," akawaza. "Wiki moja tu, kamjazia nguo za mwaka!" Akaliweka kwenye pikapu, akageuka, akamtazama baba yake kuanzia juu mpaka chini.

"Shikamoo baba. Umepungua."

"Marahaba. Na wewe hujambo," mzee akajibu huku akicheka.

Alikuwa ameandaa. Kitanda kipya, shuka zenye mikunjo ya dukani, chandarua, redio, na kiti cha kuegemea barazani. Usiku wa kwanza, alipomsikia mzee akikohoa upande wa pili wa ukuta, alilala chali na kutabasamu gizani kama mwehu. Nyumba ilikuwa na mtu! Furaha ilimjaa mpaka hakujua aitolee wapi, na kwa kuwa hakujua, hakuitoa.

Asubuhi alitoka mapema, jioni akarudi na harufu yake ya dawa. Jirani yao wa karibu alikuwa muuza dawa za mifugo, mtu mnene mcheshi, mwenye benchi nje ya duka. Mzee akahamia kwenye benchi lile. Siku moja daktari aliwakuta hapo wote wawili. Akasimama mbele yao na ovaroli lake, akamsalimu muuza dawa, akamuuliza, "Leo amekula?"

"Amekula," akajibu muuza dawa.

"Amemaliza chakula chote?"

"Kabakiza kidogo."

"Maji je, anakunywa?"

"Mimi nipo hapa," akasema mzee.

"Najua baba. Nauliza tu."

"Basi usisahau na kinyesi. Muulize huyu, mimi sikukiangalia vizuri."

Muuza dawa alicheka mpaka akashika nguzo. Daktari naye akacheka, kicheko cha kweli, kwa sababu baba yake alikuwa mchekeshaji, na yeye binti alikuwa amekikosa kicheko kile miaka mingi. Akacheka, akaingia ndani kunawa. Ndani ya lile neno, mimi nipo hapa, hakusikia kitu kingine.

Siku ya tatu mzee aliamka kabla yake. Daktari alisikia fagio uani. Alipotoka, uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka kwenye uzio, na mzee amesimama kando ya bomba akipima ardhi kwa mguu.

"Hapa maji yanapotea bure," akasema. "Hapa patakaa mboga safi. Jembe lipo?"

"Lipo stoo. Lakini baba, acha. Umekuja kupumzika. Wewe ni mgeni."

"Mgeni siku mbili," mzee akasema, akimwachia amalizie.

Nani asiyejua mwisho wa methali hiyo? Hata mtoto wa chekechea atakumalizia: siku ya tatu mpe jembe. Mgeni akipewa jembe si mgeni tena, ni mwenyeji. Mzee wa watu alikuwa anabisha hodi kwa adabu zote ambazo lugha imempa, na binti yake, mwenye shahada, akafanya nini? Akacheka. "Siku ya tatu mpe jembe, najua. Lakini si wewe baba, labda wageni wengine." Akampokonya fagio, akamleta taratibu mpaka kwenye kiti cha kuegemea, akamwashia redio. Alidhani anamheshimu. Mzee akakaa kama alivyokalishwa, na ile sehemu ya bomba hakuitaja tena.

Kuna siku moja nzuri ambayo ni lazima niitaje. Simu ilikuja mchana kutoka kwa mjane mmoja mfugaji: ng'ombe wake amezaa jana, leo ameanguka hainuki. Daktari akamwambia mzee, "Twende ukaone." Wakaenda. Ng'ombe alikuwa amelala kwenye majani makavu, shingo ameipinda kichwa kimegusa ubavu, masikio baridi kama ya maiti. Mjane alikuwa amejishika kichwa. Mzee naye akasema polepole, "Huyu kashakwenda."

Daktari alikuwa ameshachomoa sindano. Maziwa yalikuwa yameifyonza damu ya ng'ombe madini yake yote, na hilo alilijua tangu getini. Alipiga magoti, akatafuta mshipa wa shingoni, akaning'iniza chupa ya kalsiamu, akaiacha ishuke pole pole huku mkono mwingine umeshika kifaa cha kusikilizia moyo, kwa sababu ukiharakisha dawa ile, moyo unasimama. Chupa ilipokaribia kwisha, ng'ombe akatetemeka mwili mzima, akajamba kwa kishindo, akainua kichwa. Kisha akapiga magoti, akasimama, akatazama huku na huku akiwa na mshangao, akaenda kumlamba ndama wake.

Mjane alipiga kigelele. Mzee alivua kofia. Alimtazama binti yake, aliyekuwa akikunja mpira wa dripu, majani yamemganda magotini, na macho yake yakajaa machozi.

"Mama njoo, njooni mkae," mjane akasema. "Nimeshabandika chai. Mzee karibu sana, karibu ndani."

Mzee alikuwa ameshapiga hatua kuelekea mlangoni. Nyumba yenye chai na mtu wa kusimuliana naye! Lakini daktari alikuwa ameshafungua mlango wa gari. "Ahsante mama, siku nyingine. Nina nguruwe wananisubiri." Siku zote huwa kuna nguruwe wanaosubiri. Mzee akarudi kwenye gari.

Njiani mzee akasema, "Mimi nilikuwa sijui."

"Hujui nini?"

"Kazi yako. Nilikuwa sijui ndiyo hii. Nilikuwa nawaambia watu wewe ni daktari, halafu naona aibu kumalizia. Sasa nitamalizia."

Daktari alishika usukani kwa mikono miwili. Alikaza macho barabarani. Tangu aanze kazi hakuna mtu wa damu yake aliyewahi kumwona akiifanya, na alitaka kusema hivyo, alitaka kusema baba hujui ulichonipa. Mzee alikuwa amejiweka sawa kitini, amesafisha koo.

"Na ile nyumba yako," akaanza. "Nilikuwa nafikiri—"

Simu ikalia. Alikuwa mwenye nguruwe. Daktari akaongea naye, akamwambia awatenge, asiwape kitu, yuko njiani. Alipomaliza, mzee alikuwa anatazama dirishani, kofia mapajani. Daktari alimtupia jicho akaona mabega yamelegea. Amechoka, akawaza. Akaongeza mwendo ili amfikishe nyumbani akapumzike.

Baada ya hapo, dalili zikaanza. Mzee aliacha chakula nusu sahani. Benchi la muuza dawa alilikalia kwa muda mfupi tu. Jioni alitembea kando ya uzio, akienda akirudi, kisha anasimama akitazama barabara ya kwenda stendi. Na sanduku lake, hili daktari aliliona alipokwenda kubadilisha shuka, lilikuwa bado na kamba. Mzee alikuwa akichomoa shati moja moja kwa pembeni na kufunga tena. Kabati lilikuwa pale pale ukutani, tupu. Hakuna aliyemwambia mzee kwamba kabati ni lake, na yeye hakuzaliwa mtu wa kufungua makabati ya watu.

Daktari alisimama mbali, akatazama, kama alivyofundishwa. Ng'ombe aliyehamishwa zizi hufanya hivyo hivyo. Huzunguka uzio, hali, anaangalia alikotoka. Hana ugonjwa, ana upweke, amewakosa wenzake, na dawa yake ni moja: mrudishe kwenye kundi. Ukimng'ang'ania atakufia. Alikuwa amewaambia wafugaji maneno hayo mara nyingi, na hakuwahi kukosea.

Siku hiyo alijifungia bafuni, akafungua maji ili yasikike, akalia. Alilia kwa sababu alimtaka abaki, alimtaka kuliko alivyowahi kutaka cheo au mume. Kisha akanawa uso, akaenda stendi. Hili lazima lisemwe waziwazi, maana watu ni wepesi wa kuhukumu: tiketi ile aliikata kwa upendo.

"Baba," akasema wakati wa chakula cha jioni, "nimekukatia tiketi ya kesho. Najua umewakumbuka wajukuu."

Mzee aliipokea tiketi. Aliishika mbali kidogo na macho, halafu karibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kesho," akasema.

"Basi la asubuhi. Zuri, lina viti vipana."

"Ahsante mwanangu. Umenifikiria." Akaikunja tiketi akaiweka mfuko wa shati. "Na kazi zako ni nyingi, naona. Mtu akikaa sana anakuwa mzigo."

"Wewe si mzigo baba!"

"Najua, najua. Nasema tu."

Na baada ya kusema hayo alikula sahani yote, akamsimulia na hadithi ya mteja aliyelala kitini akaamka hana sharubu. Daktari alicheka mpaka akapaliwa. Ndani yake kitu kilimchoma na kumtuliza kwa pamoja: kumbe ni kweli, mzee alikuwa na hamu ya kwao. Ona alivyochangamka! Hakuwaza kwamba kinyozi mzuri anajua kumchangamsha mtu hata siku ambayo yeye mwenyewe amefiwa.

Stendi palikuwa na fujo ya kawaida. Sanduku likapandishwa. Mzee alimpa mkono binti yake, akaushikilia kuliko desturi, akapanda ngazi za basi. Mlangoni akageuka. Akasimama pale, abiria wakimsukuma kwa nyuma, akimtazama. Daktari alikuwa akimkagua anavyokanyaga: uzito kwenye mguu wa kulia, goti la kushoto zito kidogo, lakini si mbaya kwa umri wake. Akampungia mkono. Mzee naye akapunga, akaingia, na basi likaondoka.

Alikwenda moja kwa moja kuchanja kuku. Kuku ni wengi, na kuku hawaachi nafasi ya kufikiri.

Kesho yake jioni wifi yake akapiga simu. Wifi hakuwa mtu wa salamu ndefu.

"Wifi, kwani mzee kakukosea nini?"

"Kunikosea? Hapana. Kafika salama?"

"Kafika. Ndiyo nakuuliza, mbona umemrudisha?"

"Si alikuwa amewakumbuka? Hakuwa anakula, wifi. Nimemwona mwenyewe."

Wifi alivuta pumzi. Nyuma yake watoto walikuwa wakigombania kitu. "Sikiliza. Mzee aliaga huku. Aliaga mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, na wale wateja wake wote wa zamani akawapigia simu. 'Binti yangu kapewa kituo, ana nyumba, naenda kuishi naye.' Alitembea kifua mbele, usingemjua. Nikampakia vitu vyake vyote, hata mkasi wake. Chumba chake tumempa mwanangu mkubwa, ana mitihani huyu. Sasa mzee kalala sebuleni. Ukimuuliza anasema hewa ya huko haikumpenda."

Daktari alikuwa amesimama jikoni. Akavuta kigoda akakaa.

"Mimi sikujua," akasema. "Mbona hakuniambia?"

"Wifi yangu! Mzazi amuombe mwanawe chumba? Alisema hilo neno la kutembea umelisema kwa aibu tu, atangoja umwambie mwenyewe."

Alikaa pale mpaka jiko likaingia kiza. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na mpaka siku ile hakuwahi kuona ugumu wa methali hiyo. Swali lenyewe lilikuwa dogo, la maneno mawili, na lingetoshea hapo kwenye gari, hapo bombani, popote. Wiki nzima alikuwa ametazama ulimi, macho, hatua, sahani. Alikuwa ameona kila kitu. Akaanza kuchukia macho yake.

Akapiga simu. Mzee alipokea haraka, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu ambaye chumba chake ni cha watu wote.

"Baba, ulitaka kukaa?"

Runinga ilisikika, kisha ikasikika kwa mbali. Mzee alikuwa ametoka nje.

"Nilitaka," akasema.

"Ungesema baba."

"Nilisema mwanangu. Sema sikutumia mdomo. Na pale mlangoni mwa basi niligeuka, nikajiambia, sasa ataniita. Nikaona unaniangalia miguu."

Daktari akafunga macho. Machozi yalishuka, naye akayaacha. "Rudi. Nakuomba. Nakuja kukuchukua mwenyewe na gari, kesho hiyo hiyo. Chumba ni chako, tangu mwanzo kilikuwa chako, niliogopa tu kukuambia. Kuna kabati, kuna kila kitu. Baba?"

"Nakusikia."

"Utakuja?"

Mzee alichukua muda wake, na daktari, ambaye amezoea wagonjwa wasiojibu, akagundua kwamba hajui kungoja jibu.

"Mimi nimeaga mtaa mzima," mzee akasema hatimaye. "Nimeaga mpaka watoto wa watu. Jana nikashuka tena na sanduku lile lile, wakanichungulia madirishani. Muuza magazeti kanichekea mbele ya watu. Sikulaumu mwanangu, ulikuwa na nia njema, hilo naliona. Lakini mtu mzima akishaaga akarudi, haagi tena. Miguu inakuwa haina nguvu hiyo."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako. Ukinirudisha mara ya pili nitafanyaje?"

Alitaka kuapa kwamba hatamrudisha. Lakini mara ya kwanza pia hakuwa amekusudia kumrudisha, na mzee alijua hivyo, na yeye alijua. Kwa hiyo hakuapa. Mtoto mmoja alimwita babu yake kutoka ndani, na mzee akaitikia kwamba anakuja.

"Haya," akasema. "Wananiita. Na wewe huko, umekula?"

Hakukumbuka mara ya mwisho kuulizwa swali hilo na mtu yeyote. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, na mezani palikuwa na chupa tupu ya chanjo na ufunguo wa gari.

"Nimekula, baba," akasema.